Madumu Manane na Mawili

Wanangu, nawasimulia leo habari ya namba moja ndogo, tarakimu mbili na nukta katikati, ambayo kila mwaka huamua nani aingie chuo kikuu na nani abaki nyumbani akijiuliza amekosea wapi. Wanachuo huiita GPA. Ni wastani wa alama zako, lakini si ule wastani mliofundishwa darasa la sita, wa kujumlisha na kugawa kwa idadi. Huu kila somo linaingia na uzito wake. Nimewaona vijana wenye akili nzuri wakiumizwa na tofauti hiyo, kwa sababu tu hakuna mtu aliyekaa nao chini akawaeleza mapema.

Binti nitakayewasimulia nimemtunga, na alama zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri. Kanuni zinazompima ni za kweli.

Kwao ni Inyonga, wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi. Aliyewahi kupita huko anajua kwamba ukitaja Inyonga umetaja asali. Misitu ya miombo imezunguka kila upande, na mizinga imetundikwa mitini tangu enzi za mababu. Mama yake hununua asali vijijini kwa madumu, kisha huipeleka Mpanda mjini kuiuza. Binti alimaliza Kidato cha Nne, akapanda basi la Tabora kupitia Koga na Sikonge, akaenda kusoma stashahada katika Chuo cha Ufugaji Nyuki. Ndoto yake ilikuwa kurudi mkoani kwao baadaye, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, iliyopo Kibaoni, Mpimbwe, ile inayoitwa kwa jina la Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. SUA wana shahada ya sayansi ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Kwa mtoto wa Inyonga, kozi hiyo ni kama imeandikwa kwa ajili yake.

Sasa sikilizeni sharti. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inataka anayetoka stashahada kwenda shahada awe na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, kuanzia D kwenda juu, pamoja na GPA isiyopungua 3.0 katika stashahada yake. Kozi nyingine huongeza masharti yake juu ya hayo, lakini 3.0 ndiyo sakafu. Kwa stashahada, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1.

Matokeo ya muhula yakatoka. Binti alikuwa na moduli nne. Ujasiriamali, A. Stadi za mawasiliano, A. Usimamizi wa makundi ya nyuki, C. Uchakataji wa asali na nta, C. Akachukua kalamu: 5 na 5 na 2 na 2 ni 14, gawa kwa 4, jibu 3.5. Akafurahi, na si kwa kujidanganya, maana 3.5 ndipo linapoanzia daraja la pili la juu. Akapiga simu nyumbani usiku huohuo.

Karatasi rasmi ilipobandikwa ukutani, mbele ya namba yake ya usajili iliandikwa 2.9.

Alidhani wamekosea. Akaenda ofisi ya taaluma, akaonyeshwa safu ambayo hakuwahi kuitazama, iliyoandikwa krediti. Ujasiriamali krediti 6. Mawasiliano krediti 6. Makundi ya nyuki krediti 14. Uchakataji krediti 12. Akaambiwa hesabu ni sahihi, arudi bwenini. Akarudi, lakini hakuelewa.

Likizo ikafika. Jioni alimkuta mama yake uani na madumu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana tangu ulipofika?"

Akaeleza yote, A mbili na C mbili. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, ila biashara ya asali ameifanya tangu binti hajazaliwa. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali la biashara.

"Hebu niambie. Nimenunua madumu manane kwa shilingi 90,000 kila moja. Kijiji cha pili asali ilikuwa adimu, nikapata madumu mawili tu, kwa 140,000 kila moja. Kwa wastani dumu limenigharimu shilingi ngapi?"

"Tisini na mia na arobaini, jumla 230,000. Gawa kwa mbili. Laki moja na elfu kumi na tano."

"Nikiamini hivyo nitauza kwa bei ambayo hakuna mteja. Fedha iliyotoka mfukoni ni ngapi?"

Binti akaanza tena, polepole. Manane mara 90,000 ni 720,000. Mawili mara 140,000 ni 280,000. Jumla 1,000,000. Madumu ni kumi. Kila dumu, laki moja kamili.

"Kwani madumu yalikuwa sawa pande zote mbili?" mama akauliza.

Hapo binti akanyamaza, akaenda ndani kuchukua daftari lake.

Nanyi chukueni karatasi, kwa sababu jambo hili halieleweki kwa kusikiliza tu. Kila alama inazidishwa kwa krediti za somo lake. Makundi ya nyuki: pointi 2 mara 14, ni 28. Uchakataji: 2 mara 12, ni 24. Ujasiriamali: 5 mara 6, ni 30. Mawasiliano: 5 mara 6, ni 30. Jumla 112. Krediti zote ni 38. Gawa 112 kwa 38, unapata 2.94 na ushei, ikiandikwa kwa desimali moja ni 2.9. Hakuna aliyemwonea. A zake mbili zilikuwa madumu mawili ya bei kubwa, na C zake zilikuwa ule mzigo mkubwa.

Mtauliza, nani aliyeamua kwamba somo hili liwe na 14 na lile 6? Nchini kwetu krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na ndani yake mna vipindi, vitendo, majaribio na muda wa kujisomea. Mwaka mmoja wa chuo kikuu huwa na krediti 120. Kwa hiyo moduli ya krediti 14 inadai saa 140 za jasho lako, na ya krediti 6 inadai saa 60. Binafsi naona hii ni haki. Mtu aliyefanya vizuri katika kazi ya saa 140 asilingane na aliyefanya vizuri katika kazi ya saa 60. Kinachonisikitisha ni kwamba safu hiyo ya krediti ipo tangu siku ya kwanza ya muhula, na wengi huisoma siku ya matokeo.

Sasa njooni kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tuseme binti huyu angejua mapema. Angechukua saa kadhaa kutoka ujasiriamali na mawasiliano, akazipeleka kwenye makundi ya nyuki. Masomo yale mepesi yangeshuka kutoka A hadi B+, yote mawili. Lile zito lingepanda kutoka C hadi B tu, si zaidi. Uchakataji ungebaki na C yake. Piga hesabu: 3 mara 14 ni 42, 2 mara 12 ni 24, 4 mara 6 ni 24, 4 mara 6 ni 24. Jumla 114. Gawa kwa 38. Inatoka 3.0 kamili, bila desimali kubaki.

Tazameni kilichotokea. Karatasi yake ingekuwa haina A hata moja. Jirani angeitazama akasema mtoto ameshuka. Ukitafuta wastani wa kawaida, ungekuta umeteremka kutoka 3.5 hadi 3.25. Lakini kwa hesabu inayotumika chuoni amepanda kutoka 2.9 hadi 3.0, na angeifikia sakafu ya TCU. Desimali moja ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa Kibaoni.

Kuna jambo jingine hapo ambalo huwachanganya hata wazazi. Stashahada yenye GPA kati ya 2.7 na 3.4 huitwa daraja la pili la chini. Mwenye 2.8 atahitimu, atavaa joho, atapigwa picha, na cheti chake kitaandikwa daraja la pili sawasawa na cheti cha mwenye 3.2. Wakiomba shahada, wa 3.2 anaendelea na wa 2.8 anarudishwa. Cheti kimewaweka chumba kimoja, udahili umewatenga. Kwa hiyo usitazame jina la daraja peke yake. Tazama namba iliyo nyuma yake.

Huyu binti ana kaka yake, aliyepitia njia ya Kidato cha Sita. Kwake mizani ni nyingine kabisa, na hapa nawaomba mkae makini, kwa sababu kuna mizani mbili na zinaelekea pande mbili tofauti.

Baraza la Mitihani, NECTA, linahesabu A kuwa pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Kwa Kidato cha Sita wanajumlisha masomo matatu ya kombi yako, yaani mchepuo. Ukipata 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu. Namba ikiwa ndogo ndiyo sifa. TCU wao wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Kwao namba ikiwa kubwa ndiyo sifa. Na sharti lao la chini ni ufaulu wa masomo mawili, kuanzia E kwenda juu, ambayo ukiyajumlisha unapata pointi 4.0, yawe ni masomo yanayohusika na kozi unayoomba.

Kaka huyu alisoma CBG. Mkeka wa matokeo ulipotoka alikuwa na D ya Kemia, C ya Baiolojia na B ya Jiografia. Kwa NECTA hiyo ni 4 na 3 na 2, jumla 9. Daraja la Kwanza, Wani ya 9! Mtaa mzima ukaja kupongeza, na mzee mmoja akasema, "Sasa tumepata daktari wetu." Rafiki yake wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, alipata D tatu. Kwa NECTA ni 12, Daraja la Pili. Hakuna aliyekwenda kwake na soda.

Kozi ya udaktari wa binadamu pale MUHAS imekuwa ikidai Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isipungue D, jumla isipungue pointi 6. Yule wa D tatu ana 2 na 2 na 2, ambazo ni 6. Amefika kwenye mstari wa kuomba, ingawa ushindani ni mkali na kufika kwenye mstari si kuchaguliwa. Wa Wani ya 9 hana Fizikia. B yake ya Jiografia, alama nzuri kuliko zote alizonazo, kwa kozi ile ina uzito wa sifuri. Ukizidisha kitu chochote kwa sifuri mnajua kinachobaki. Kwa kozi nyingine B hiyohiyo ni mali, na kaka yetu ana nafasi tele, ila mzee wa mtaani hakujua kwamba Wani ni namba ya jumla na udaktari unapimwa kwa masomo maalumu.

Niwape mwingine mdogo, mkajaribu wenyewe. Wanafunzi wawili wote wana Daraja la Tatu la 15. Mmoja ana E tatu: 5 na 5 na 5. Mwenzake ana D mbili na F: 4 na 4 na 7. Mzazi yeyote angesema wa E tatu ni bora, hana F. TCU wanachukua masomo mawili: wa E tatu ana 1 na 1, jumla 2, hafiki. Wa D mbili ana 2 na 2, jumla 4, amefika. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kidato cha Sita anayeona somo moja linamwelemea asikubali kuyaacha mawili yaliyobaki yadidimie pamoja nalo.

Mizani hizi hazikushuka kutoka mbinguni, zimewekwa na watu, na watu huzibadilisha. Mwaka 2014 NECTA waliacha madaraja wakatumia GPA kwa shule za sekondari, na katika mizani ya miaka hiyo kulikuwa na ngazi ya B+. Wazazi wengi hawakuielewa. Mwanzoni mwa 2016 waziri wa elimu, Joyce Ndalichako, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa katibu mtendaji wa NECTA, aliagiza madaraja yarudishwe. Alama ya hayo mabadiliko ipo hadi leo katika mwongozo wa udahili: kwa waliomaliza Kidato cha Sita 2014 na 2015, C inahesabiwa pointi 2, na kwa waliomaliza 2016 na kuendelea, C ni pointi 3. Herufi ni ileile. Dada yako mkubwa akikuambia "mimi niliingia kwa pointi kadhaa", muulize kwanza alimaliza mwaka gani.

Wenzetu wa Uganda wameuweka uzito waziwazi kuliko sisi. Kwao A ya Kidato cha Sita ni pointi 6. Ukiomba kozi ya chuo kikuu cha umma kama Makerere, masomo ambayo ni ya lazima kwa kozi hiyo yanazidishwa mara 3, yanayohusiana nayo mara 2, yanayopendelewa mara 1, na yaliyobaki nusu. A ya somo la lazima inakuwa 18, na A ya somo linalopendelewa inabaki 6. Herufi moja, tofauti mara tatu. Na mwaka 1990 Makerere wakaanza kuwaongezea wasichana pointi 1.5, kwa sababu walikuwa wachache mno chuoni. Wapo waliolalamika. Mimi nikikumbuka mabinti wa vijijini kwetu wanaoamka kuteka maji na kupika kabla ya kwenda shule, wakati kaka zao wanapiga msuli, naona aliyeweka pointi ile alikuwa anajaribu kupima hata kile ambacho mtihani haukioni.

Huko Marekani sekondari zina uzito wa aina nyingine, wa ugumu wa somo. Shule nyingi za sekondari hutoa 4 kwa A ya kawaida, na 5 kwa A ya somo lenye kiwango cha chuo. Vyuo vikuu vya jimbo la California vimeweka kikomo: nyongeza hiyo inahesabiwa kwa mihula minane tu, hata ukisoma zaidi. Mtoto wa kule mwenye wastani wa 4.2 kwenye karatasi ya shule anaweza kukuta chuo kimemhesabia upya na kupata namba nyingine.

Turudi Inyonga. Likizo haijaisha, na binti bado yuko uani na daftari. Muhula ujao ana moduli nne tena, za krediti 16, 12, 8 na 4, jumla 40. Anataka wastani wa mihula yote miwili ufike angalau 3.0. Krediti zote zitakuwa 78. Ukizidisha 78 kwa 3 unapata 234. Pointi alizonazo tayari ni 112, kwa hiyo anadaiwa 122.

Mama amemaliza kufunga madumu, anamsogelea. "Umepata?"

"Nikipata B+ kwenye ile ya 16, hiyo ni 64. B kwenye ya 12, ni 36. B kwenye ya 8, ni 24. Hapo nina 124 tayari, na ile ndogo sijaigusa."

"Hiyo ndogo uiache?"

"Hapana, mama, nikiifeli nitairudia. Hata nikipata C tu inaongeza 8. Nitakuwa na 132 za muhula huo, na 244 kwa yote."

Akagawa 244 kwa 78, mama akimshikia tochi ya simu. Ilitoka 3.12, na ushei.